Bendi na Sikio la Kaka Yangu

Gari la matangazo lilipopita mtaani kwetu Ujiji nilikuwa nimeinama kwenye beseni nafua mashuka. Kwa kawaida siligeuzii hata shingo. Linatangaza dawa ya kunguni, mnada wa mitumba, mkutano wa injili na mechi ya maveterani, vyote kwa sauti ileile ya mtu anayegombana na jirani. Lakini siku hiyo lilitaja jina la bendi, kisha likataja jina la mwimbaji, na mimi nikatoka barabarani nikiwa na povu mpaka viwikoni, nikasimama mbele ya gari. Dereva alidhani nataka kujiua.

"Rudia," nilimwambia yule wa kipaza sauti.

Akarudia. Jumamosi ya wiki inayofuata, uwanja wa mpira Kigoma mjini, kuanzia saa nane mchana, bendi nzima kutoka Dar es Salaam, na mzee mwenyewe ataimba. Nikamuuliza kama ana hakika ni mzee mwenyewe, si wale vijana wanaoimba nyimbo zake kwenye harusi za watu. Akasema, "Mama, mimi nasoma karatasi tu." Nikamwambia aniletee hiyo karatasi. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, sipokei jibu bila kuona kazi. Karatasi ilisema vilevile. Nilirudi kwenye beseni nikakuta kuku wamekanyaga shuka, na sikuwafukuza.

Naipenda bendi hiyo tangu nina miaka tisa. Aliyenitia ugonjwa huo ni kaka yangu, ambaye ananizidi miaka saba. Baba alikuwa mpakuzi wa mizigo stesheni, na alinunua redio ya betri nne ili asikie taarifa ya habari. Taarifa ikiisha, anazima. Sisi tukabaki na shida ya betri, na kaka akawa ndiye waziri wake. Zilipochoka alizitoa akazianika mchangani karibu na dagaa wa mama, akawa anazigeuzageuza ili zipate joto kila upande. Betri iliyoanikwa siku nzima ilitupa nusu saa ya muziki jioni, tena kwa sauti ndogo sana, kwa hiyo tulikaa vichwa vimegusana na redio katikati. Mama alisema tunafanana na watu wanaoteta.

Nyimbo tuliziandika kwenye daftari. Kaka hakuipenda shule na shule haikumpenda, lakini alikuwa na kichwa cha kushika maneno. Wimbo ukipigwa mara moja, anashika mistari miwili. Ananipa, naandika. Tunangoja wiki, pengine mbili, upigwe tena, tupate mingine miwili. Wimbo mmoja mrefu ulituchukua tangu Pasaka mpaka mavuno ya mahindi. Watoto wengine walijifunza kuandika kwa kunakili ubaoni. Mimi nilijifunza kwa kuamrishwa na kaka.

Basi nilikua na bendi hiyo. Mwimbaji alipohama niliona kama ndugu kahama, aliporudi nikasamehe, alipohama tena nikasema liwalo na liwe, na aliporudi mara ya pili nikasamehe tena. Kwenye ofisi ya walimu niliwahi kutosemeshana na mwenzangu muhula mzima kwa sababu alisema mwimbaji wetu anaimbia puani. Na pamoja na hayo yote, sikuwahi kumsikia kwa masikio yangu. Bendi ilifika Kigoma mara mbili katika maisha yangu. Mara ya kwanza nilikuwa chuo cha ualimu, mbali. Mara ya pili nilikuwa wodi ya wazazi. Mwanangu wa pili alichagua siku hiyohiyo, na mpaka leo akinikera namkumbusha. Kaka naye mara zote mbili alikuwa ziwani.

Kaka alihamia Mwamgongo akiwa kijana, akifuata dagaa, akaoa hukohuko, akazeekea hukohuko. Miaka mingi alikuwa mtu wa injini ya boti, anakaa nayo ubavuni tangu jua linapozama mpaka linapochomoza, na injini hizo ndizo zilizomla masikio. La kushoto lilikufa zamani. La kulia lilikuwa linakwenda taratibu. Tulimpeleka hospitali mwaka juzi, daktari akamchunguza vizuri, akaniambia mimi kwanza kisha akaandika kwenye karatasi ili yeye asome: limebaki kidogo, na hicho kidogo hakitakaa. Kabla mwaka haujapinduka mara mbili litafunga. Kaka alisoma, akaikunja ile karatasi akaiweka mfukoni, akaniuliza kama pale hospitali wanauza chai. Alipewa kifaa cha kuweka sikioni, akakivaa siku tatu, akasema kinampigia mluzi kama mwamuzi wa mpira. Siku hizi anashona nyavu za wenzake na kuangalia midomo ya watu.

Kwa hiyo gari la matangazo lilipoondoka, nilikuwa na mambo mawili kichwani. Nilitaka kaka yangu aisikie ile bendi kabla sikio halijafunga. Na nilitaka, kabla sijafa, nimsikie yule mzee akiimba.

Kumpigia kaka simu hakusaidii. Anapokea, anasema, "Mwalimu, sisi wazima, salimia watoto," anakata. Hata mimi mdogo wake ananiita Mwalimu, na hasemi hivyo kwa heshima. Ilibidi nimfuate. Ijumaa nikateremka Kibirizi, nikapanda boti ya abiria ya mchana, nikafika Mwamgongo jua linaelekea ng'ambo. Kijiji kizima kilikuwa nchi kavu. Waandaaji wa onyesho walikuwa na akili: waliliweka wakati wa mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, na wavuvi hupumzika. Mtu anayetaka kujaza uwanja wa Kigoma lazima aangalie mwezi kwanza.

Kaka alikuwa kibarazani, wavu mapajani. Nikamwekea mdomo kwenye sikio la kulia nikamwambia habari yote. Akaniangalia.

"Mwenyewe?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Yule yule? Bado anaishi?"

"Anaishi. Kesho saa nane."

Aliingia ndani, akatoka na viatu vyake vyeusi, vile alivyovaa harusi ya binti yake, akakaa akavipiga rangi mpaka giza likaingia. Wifi yangu, mkewe, aliniambia jikoni kwamba huyo hajavaa viatu tangu mwaka jana.

Sasa nakuja kwenye aibu yangu, na nitaisema yote.

Nilikuwa na simu mpya. Binti yangu alinitumia, akanielekeza kwamba simu hii inajirekebisha saa yenyewe, mama usiiguse. Nikaiamini. Boti ya kwenda Kigoma huondoka Mwamgongo saa moja asubuhi. Nikaiweka simu iniamshe saa kumi na moja, nikalala.

Mwamgongo iko karibu sana na mpaka, na simu ukiziacha peke yake kule usiku zinashika mtandao wa Burundi. Burundi wako nyuma yetu saa nzima. Kila mtu wa Mwamgongo anajua hilo, hata watoto wanajua, wanapopangana mambo wanaulizana, "Saa yetu au ya Burundi?" Mimi nilikuwa nalijua pia. Lakini nililijua kama jambo la simu za watu wengine.

Muadhini alinitoa usingizini. Nikatazama simu: saa kumi na dakika arobaini. Nikasema moyoni, muadhini huyu leo kawahi, kajisahau. Mimi Mkristo, na nilikuwa namsahihisha muadhini kitandani kwangu.

Mlio wa simu ulipolia nikaamka, nikaoga, nikakuta kaka amekwisha kuvaa. Suruali ya kitambaa, shati jeupe, viatu. Amesimama mlangoni na fimbo yake.

"Twende," akasema.

Nikamwonyesha simu. Saa kumi na moja na nusu. Bado muda mrefu, na kutoka pale mpaka ufukweni ni mwendo wa dakika kumi.

"Hiyo si saa," akasema. "Angalia nje, kumekucha."

Nikamjibu kwa sauti kubwa sikioni, "Huo ni mwezi, kaka. Kaa unywe chai."

Akaniangalia kwa muda. Aliitazama milima ya Kongo ng'ambo, ambayo kwa kweli ilikuwa tayari imepata jua vileleni, nami niliiona, halafu akaniangalia tena. Nikaigonga ile simu kwa kidole, kama nilivyokuwa nikigonga ubao. Kaka yangu amenitii tangu nilipokuwa namwandikia nyimbo, kwa sababu anaamini mtu aliyesoma. Akakaa. Wifi akatuletea mihogo na chai ya rangi. Nikawa nakula polepole, mtu mwenye muda wake.

Simu ikasema saa kumi na mbili. Nikasikia injini ikinguruma upande wa ufukweni. Kaka hakuisikia. Nikasema ni ya mtu mwingine. Ndipo jirani akapita na ndoo kichwani, akatusalimu kwa Kiha, akasimama.

"Mwalimu, si mlisema mnakwenda Kigoma leo?"

"Tunakwenda."

"Na boti hiyo inayoondoka ni ya wapi?"

Nilikimbia. Mwanamke wa miaka sitini na mbili, viatu mkononi, nikipita katikati ya vichanja vya kuanikia dagaa. Nilipofika majini boti ilikuwa mbali, ukubwa wa ndala. Nikavua mtandio nikaupunga. Abiria wakaniona. Wakapunga na wao, kwa furaha.

Niliporudi kaka alikuwa amekwisha kuelewa. Alikuwa amekaa palepale kwenye kiti, anavua viatu. Alivua kimoja, akakifuta mchanga, akakiingiza kwenye mfuko wa plastiki. Akavua cha pili vilevile. Hakunilaumu. Ningependa anitukane. Nimewachapa watoto wa watu kwa kuchelewa namba ya asubuhi shuleni, na hapo nilikuwa nimemnyima ndugu yangu kitu ambacho hakitarudi, kwa sababu tu sikutaka kuambiwa kwamba kumekucha.

Siku nyingine yoyote tungepata boti ya wavuvi inayopeleka dagaa Kibirizi. Lakini ilikuwa mbalamwezi, hakuna dagaa, boti zote zimelala mchangani. Nilikwenda kwa kila mwenye injini niliyemjua na nisiyemjua. Mmoja alisema injini imefunguliwa, mwingine kwamba mwanawe yuko na ufunguo Kigoma, huko huko kwenye onyesho. Ilipata saa nne, saa nne ya kweli, nilipoona boti ya mizigo inatoka upande wa Kagunga, imejaa madumu ya mawese. Nikaingia majini mpaka kiunoni kuisimamisha.

Nahodha alikuwa mtu mnene mwenye huruma ya kuchelewesha. Alikubali kutuchukua, lakini alikuwa na madumu ya kushusha na mengine ya kupakia karibu kila kijiji cha njiani. Tukakalishwa juu ya madumu. Moja lilikuwa halijafungwa vizuri, na kabla hatujapita msitu wa Gombe kitenge changu kilikuwa na doa jekundu la mawese kiasi cha sinia. Kaka alikuwa ameshika mfuko wake wa viatu juu, usiguse kitu.

Tulipoambaa na ufuko nikaona lazima niseme. Nikamwinamia sikioni.

"Kaka, nimekosa."

"Nini?"

"Nimekosa."

Akatikisa kichwa kwamba hajasikia. Injini ilikuwa inapiga kelele. Nikavuta pumzi, nikapaza sauti mpaka wafanyabiashara wote wa mawese wakageuka, "Nimekosa, kaka yangu, nisamehe!"

Akatazama maji. "Nilikusikia mara ya kwanza," akasema.

Boti nzima ilicheka, nahodha akacheka mpaka akayumbisha usukani, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Ndiyo namna yake ya kusamehe, na amekuwa hivyo tangu utoto. Lakini sikio nililolipigia kelele nililiona kwa karibu, na nilijua kwamba mara ya kwanza hakusikia. Alisoma uso wangu.

Tulifika Kibirizi saa tisa imepita. Kaka akakaa kwenye jiwe, akaosha miguu kwa maji ya ziwa, akavaa viatu. Sikumharakisha, ingawa kila kamba aliyofunga niliihesabu. Bajaji ikatupandisha mjini, na kabla hatujauona uwanja nikaanza kusikia. Kwanza besi, halafu tumba, halafu gitaa la solo likapanda juu ya paa za nyumba. Kaka alikuwa ananiangalia usoni.

"Wameanza?"

"Wameanza."

"Mzee keshaimba?"

Hilo nilikuwa sijui, na nilikuwa naliogopa. Dereva wa bajaji ndiye aliyetuokoa: alisema ametoka kupeleka watu sasa hivi, wanaoimba ni vijana, mzee bado.

Uwanja ulikuwa umejaa kuliko siku za mpira. Watu wa Mwandiga walikuja na viti vyao kabisa. Wakongomani wa mwambao walikuja wamependeza kupita kiasi, kama kawaida yao, mashati yana rangi za ndege. Mimi nilikuwa na doa la mawese na harufu ya boti. Tukajipenyeza mpaka katikati, mahali pazuri kabisa, jukwaa liko mbele yetu na sauti inakuja safi, kila gitaa limekaa mahali pake. Na pale jukwaani, kando, kwenye kiti cha plastiki chenye taulo, amekaa yeye. Suti nyeupe. Amekonda, shingo imekuwa ndogo kwenye kola. Nilisema "jamani" peke yangu. Mtu niliyemsikiliza miaka hamsini na tatu alikuwa anakunywa maji kwa chupa kama mtu yeyote.

Mshereheshaji akachukua kipaza sauti. Akasema mzee ataimba nyimbo tatu tu, afya yake hairuhusu zaidi, kwa hiyo tumpokee. Uwanja ukalipuka.

Nikamgeukia kaka. Alikuwa amekunja uso, mkono nyuma ya sikio.

"Unasikia?"

"Nasikia mvumo. Kama ziwa. Wanapiga kitu gani?"

Hawakuwa wanapiga kitu, zilikuwa kelele za watu. Kisha bendi ikaanza, naye akaendelea kukunja uso vilevile, na nikaona kwamba kwake hakuna tofauti. Akaangalia huku na huku. Akaona maspika, yale makubwa yaliyopangwa pembeni mwa jukwaa marefu kama nyumba.

"Wewe kaa hapa, usikie," akasema. "Mimi naenda kule."

Akaenda. Nilisimama kidogo. Nitakuwa mkweli, nilisimama zaidi ya kidogo. Mtu yeyote anajua kwamba ubavuni mwa spika husikii muziki, unapigwa tu. Mzee alikuwa anainuka kwenye kiti chake, anashikwa mkono. Nyimbo tatu. Nikaona fimbo ya kaka inapotea kati ya watu, nikamfuata huku nakasirika.

Nilimkuta amekwisha kufika. Mgambo, mama mmoja mwenye kofia, alikuwa anamwambia, "Mzee, huku hapakaliwi," na kaka alikuwa anampita tu, hana habari naye. Nikamwambia yule mama kwamba huyu ni kaka yangu, hasikii, mwache ashike. Akaangalia doa langu la mawese, akaangalia viatu vya kaka, akatupisha.

Kaka aliweka viganja viwili kwenye spika. Halafu akaegemeza kifua. Halafu akageuza kichwa, akalaza sikio la kulia kwenye ule mfuniko wa waya, na akafumba macho. Mimi nilikuwa nimeziba masikio yangu, meno yananitetemeka. Ilipita kitambo. Kisha mguu wake ukaanza kupiga chini, sawasawa kabisa na besi, na uso wake ukafunguka. Sijui namna nyingine ya kusema. Nilimwona kaka yangu wa miaka kumi na sita.

Akaanza kuimba, kwa sauti yote, macho yamefumbwa. Alikuwa anaimba ule wimbo wa mwanamke aliyefungasha virago mara tatu na kurudi mara tatu. Nikageuka jukwaani. Mzee alikuwa amesimama hatua kumi kutoka nilipo, kipaza sauti mdomoni, koo linapanda na kushuka, na kwa vipande vya gitaa vilivyopenya nilijua kwamba huo sio wimbo aliokuwa anaimba. Alikuwa anaimba mwingine kabisa, wa miaka ya karibuni. Mapigo yanakaribiana, basi. Kaka alikuwa amepata besi na tumba, na maneno alikuwa ameyatoa kichwani mwake mwenyewe.

Akafumbua macho, akanishika bega.

"Ndio wenyewe huu, eh?"

Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kalamu nyekundu. Nimesahihisha watoto, walimu wakuu, wachungaji wakiwa madhabahuni, na asubuhi ile nilikuwa nimelisahihisha jua. Nikaweka mdomo kwenye sikio lake.

"Ego," nikamwambia kwa Kiha, yaani ndiyo. "Ndio wenyewe."

Akafurahi mno. Akaendelea, lakini kwenye ubeti wa pili akayumba, maneno yakampotea, akaniangalia mdomoni kama anavyowaangalia watu wote siku hizi. Nikampa mstari. Akaudaka, akaenda nao. Nikampa unaofuata. Nikaona kwamba nikinyamaza anapotea, na njia ya kumpa ni moja tu, kuimba mimi mwenyewe kwa nguvu ndani ya sikio lake, bega kwa bega na lile spika. Wimbo wa pili ulipoanza nilijaribu. Nilinyamaza, nikageuza uso kwa mzee, nikatoa vidole masikioni nipate walau mstari mmoja wa kufa nao. Kaka alikuwa amechagua wimbo mwingine tena, si huo, na mara akakwama. Nikahisi mkono wake unanitafuta begani. Nikamrudia.

Nyimbo zote tatu zilikwisha hivyo. Mzee aliimba tatu zake, na sisi tukaimba tatu zetu. Mara moja alitazama upande wetu, wazee wawili wanaimba midomo wazi hatua chache kutoka kwake, akatabasamu na kutuinulia mkono. Nikaomba asijue kusoma midomo. Kisha akashikwa tena, akarudishwa kwenye kiti chake, akafutwa jasho, wakamteremsha kwa nyuma. Mimi nilikuwa sijasikia hata neno moja.

Nililia kidogo pale, na sikuficha. Kaka alidhani ni furaha, na sehemu kubwa ilikuwa furaha kweli.

Sikio lilifunga kabla ya masika kwisha. Sasa tunaandikiana kwenye daftari, na mwandiko wake ni mbaya vilevile. Sijutii chochote, isipokuwa ile saa moja niliyompotezea Mwamgongo.

Jioni ile ya onyesho alilala kwangu Ujiji. Majirani walijaa kibarazani kumsalimu, na mmoja wao, mama wa nyumba ya tatu, alikuwa uwanjani tangu mchana, alikaa vizuri mbele na mwanawe. Kaka akawahadithia. Alisema sauti ya mzee haijabadilika hata chembe, kila neno amelisikia, tena kaanza na ule wa mwanamke wa virago, akatuvunja mbavu.

Yule mama akakunja uso. "Huo?" akaniuliza mimi. "Mbona huo hawakuupiga leo?"

"Waliupiga."

"Mwalimu, mimi nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho."

"Ulikaa mbali," nikamwambia. "Sisi tulikuwa kwenye spika."

Akaniangalia, akamwangalia kaka, akafunga mdomo. Kaka alikuwa anatutazama midomo na alikuwa hajapata kitu. Akanisogelea.

"Anasemaje?"

Nikamwinamia sikioni. "Anasema alikuona. Anasema uliimba vizuri."

Kaka akaona haya, akainamia viatu vyake. "Mwambie sauti ilinikauka kidogo," akasema. "Upepo wa ziwani."